Bogoria na Baringo: ni mwezi gani mtu ataona maua na ndege kwa safari moja?

Mama wa Section 58 (Nakuru)

Salamu kwenu nyote. Nina swali ambalo kila ninayemwuliza hapa mjini hunijibu kwa namna yake, nami ningependa kusikia kutoka kwa watu wanaoijua nchi ile ya bondeni kwa kuikanyaga.

Mama mkwe wangu, anayeishi Kakamega, amependa maua maisha yake yote. Amesikia kwamba kule Baringo, penye mawe na jua kali, kuna mti mfupi, mnene shinani kama chungu, ambao hutoa maua ya rangi ya waridi ukiwa hauna jani hata moja, na ameniambia waziwazi kwamba anataka kuuona kabla magoti hayajamkatalia safari. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja naye ana daftari la ndege. Heroe na mwari wa Ziwa Nakuru amekwisha kuwaandika mara nyingi. Sasa anawataka hondohondo, bundi, na wale keremkerema wanaotoka Ulaya.

Mwaka jana, katika likizo ya Agosti, tulijaribu. Dereva tuliyemkodi alituhakikishia kwamba Bogoria ni ile ile mwaka mzima. Tulikuta nyasi mbichi na ziwa lililopanda hadi kwenye miti, lakini mti wa mama ulikuwa na majani tu, bila ua lolote, na wale ndege wahamiaji hawakuwapo. Tulirudi jioni na chupa tatu za asali tuliyoinunua kando ya barabara huko Koriema. Mama mkwe aliionja, akasema ni tamu sana, ila yeye hakutoka Kakamega kufuata asali.

Kwa sababu ya shule, sina uhuru wa kuchagua mwezi wowote: ni likizo ya Aprili, ya Agosti, au ya Novemba na Desemba. Je, kati ya hizo, kuna wakati ambapo maua na ndege hukutana, au nikubali kwamba ni safari mbili? Tena, je, mama wa miaka sabini na miwili anaweza kuyafikia maua hayo bila kupanda mlima?

Msafiri wa Kisumu

Dada, mimi ningekushauri Desemba. Wahamiaji wanakuwa wamefika, barabara inakuwa kavu, na mtoto hatakosa la kuandika. Nilikwenda Desemba kwa njia ya Eldoret, Iten na Kabarnet, na ule mteremko kutoka Kabarnet hadi Marigat pekee ulinitosha kuwa safari, kwa maana unashuka vilima vya Tugen huku bonde zima na ziwa vimetandazwa mbele yako. Kuhusu maua sina la kusema. Nilikuwa naangalia barabara.

Mtembeza wageni, Kampi ya Samaki

Mama, pole kwa safari ya Agosti. Huyo dereva hakukudanganya kwa makusudi, nadhani. Watu wengi wanaoleta wageni huku huwaleta kuona chemchemi za maji moto na heroe, na vitu hivyo viwili havifuati kalenda ya mvua kwa ukaribu kama maua yanavyofanya. Lakini kwa mtu anayetafuta maua, kusema kwamba Bogoria ni ile ile mwaka mzima ni sawa na kusema kwamba shamba ni lile lile wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna.

Kwanza ujue unashuka kwenda wapi. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Bogoria na Baringo ziko karibu na mita 1,000. Katika kilomita 100 hivi za lami kutoka kwenu hadi Marigat, ukipita Mogotio na kuvuka mstari wa ikweta, unaacha mashamba ya mahindi na kuingia katika nchi ya migunga, mishubiri na mawe meusi. Joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na mvua ni chache. Kwa hiyo mimea ya huku imejifunza hesabu yake yenyewe. Mingine huchanua mvua ikija, na mingine huchanua hasa kwa sababu mvua haijaja.

Mti anaoutaka mama, ambao wengi huuita waridi la jangwani, ni wa kundi hilo la pili. Kiangazi kikikaza, hupukutisha majani yote na kuishi kwa maji uliyoyaweka katika lile shina nene, kisha hutoa maua. Mvua ikishika, majani hurudi na maua huisha. Ndiyo sababu Agosti ulikuta majani. Kikwata nacho, ule mgunga wenye miiba iliyopinda kama ndoana, hujaa maua meupe yenye harufu nzuri mwishoni mwa kiangazi, kabla matone ya kwanza hayajaanguka, na hapo ndipo nyuki wa Baringo hupata kazi kubwa. Ile asali mliyoinunua, mama mkwe wako aisamehe. Ilikuwa ni maua aliyoyakosa, yamewekwa ndani ya chupa.

Sasa tuje kwa ndege. Wale wa Ulaya na Asia hufika kuanzia Oktoba, na wengi wao huondoka kabla Aprili haijaisha. Keremkerema wa Ulaya, chole wa Ulaya, na tai wanaopita juu kwa makundi, wote ni wa kipindi hicho. Ndege wakazi hawaendi popote, lakini wanapendeza zaidi mvua zikianza: kwera huvaa manjano yao na kushona viota juu ya migunga, na kelele zake zinasikika kabla hujauona mti wenyewe.

Ukiziweka hesabu hizi pamoja, utaona kwamba Agosti inakupa kwera na nyasi, lakini inakunyima wahamiaji na waridi la jangwani. Desemba, kama ndugu yetu wa Kisumu alivyosema, inakupa wahamiaji. Maua ya mama yanaweza kuwa yameanza ikiwa mvua za Novemba zilikuwa haba, na yanaweza kuwa bado ikiwa zilikuwa nzito. Mimi ningechagua siku za mwanzo kabisa za likizo ya Aprili. Wahamiaji wa mwisho wanakuwa bado wapo, miti ya waridi la jangwani iliyo kwenye mawe inakuwa bado ina maua, na kama mvua moja au mbili zimekwisha kunyesha, mama ataona na jambo ambalo hakuliulizia: ua jekundu la mviringo, kubwa kama ngumi mbili, lililoundwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, linalochomoza moja kwa moja ardhini chini ya vichaka, likiwa limetangulia majani yake. Hukaa siku chache tu.

Kuhusu magoti, usiwe na wasiwasi. Msiyatafute maua hayo Bogoria kwanza. Njooni hadi Kampi ya Samaki, kama kilomita 20 kupita Marigat. Upande wa magharibi wa barabara ya kwenda Loruk kuna majabali marefu meusi, na gari hufika karibu na vitako vyake. Mama anaweza kukaa kwenye kiti cha kukunja chini ya kivuli cha mgunga, miti ya maua ikiwa mbele yake juu ya mawe, na mtoto akawa anaangalia majabali hayo hayo kwa darubini, kwa sababu ndiko anakoishi hondohondo wa majabalini, yule wa Hemprich, ambaye katika Kenya huonekana mahali pachache, pamoja na tai weusi wanaowinda pimbi. Bundi wa kulala mchana mtaonyeshwa. Sisi tunaijua miti yao. Mfike saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa nne mchezo umekwisha, ndege wameingia kivulini, nanyi ingieni pia.

Mashua ya ziwani ni nzuri, ingawa mimi mwenyewe sipendi sana ile desturi ya kumpigia mluzi tai mla samaki na kumrushia samaki ili wageni wapige picha. Mtoto mwenye daftari atajifunza zaidi akimwona tai anajitafutia.

Mwanafunzi wa mimea, Njoro

Naunga mkono karibu yote aliyoyaandika mtembeza wageni, ila nina mashaka na namna tunavyotaja majina ya miezi kana kwamba mvua za bondeni zimetia sahihi mkataba. Eneo hilo hupata mvua kubwa kati ya Aprili na Agosti, lakini tarehe ya kuanza husogea sana kutoka mwaka hadi mwaka, na wingu linaweza kunyesha Mogotio likaiacha Marigat kavu. Kwa hiyo, dada, panga Aprili, lakini wiki moja kabla ya kuondoka piga simu huko bondeni. Na ukipiga, usiulize kama maua yapo, kwa maana mtu akitaka uje atakuambia yapo. Uliza kama kikwata kimemaliza kuchanua. Mfuga nyuki yeyote kati ya Koriema na Marigat atakujibu bila kufikiri, kwa sababu chakula chake kinategemea jibu hilo. Kikiwa kimemaliza na mvua haijashika, nendeni kesho yake.

Jambo la pili ni la tahadhari. Waridi la jangwani lina utomvu mweupe wenye sumu kali, inayoathiri moyo, na katika sehemu mbalimbali za Afrika watu wameutumia katika sumu ya mishale. Mtoto asilikate wala kulichezea, na kama amelishika, anawe mikono kabla ya kula. Vivyo hivyo kwa lile ua lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kwenda juu kama ndimi za moto, ambalo hupanda kwenye vichaka mvua ikikolea: ni zuri, na kiazi chake kinaua. Tena, msing'oe mche wowote kwa ajili ya bustani ya nyumbani. Nimeona miti hii ikiuzwa kwenye vyungu mijini, na mingine ina umri na makovu ambayo hayapatikani katika kitalu. Mtu ameitoa mlimani.

La tatu, mkifika Marigat mtaona kijani kibichi kila upande hata wakati wa ukame, na mama anaweza kufurahi. Asifurahi haraka. Mwingi wa ukijani huo ni mathenge, mti wa Amerika ulioletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Umetawala malisho na kingo za mito, na chini yake nyasi na maua ya asili hayapati nafasi. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi, hata wakazi wa Baringo wakaishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Nyuki wanayapenda maua ya mathenge, ni kweli, na baadhi ya watu wanauza makaa yake. Lakini ukitaka kumwonyesha mama uoto wa asili, mtoe kwenye tambarare umpeleke kwenye mawe, ambako mti huo haujafaulu sana.

Mama wa Section 58 (Nakuru)

Nawashukuru sana. Nimemsomea mama mkwe maelezo ya ile asali na amecheka, kisha akataka kujua kama nyuki wakila maua yenye sumu asali nayo haitamdhuru. Nimemwambia ameila tangu Agosti na bado ananipigia simu kila siku.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, tukianzia Kampi ya Samaki, je, bado inafaa kupita Bogoria siku ya pili? Mtoto anataka kuwalinganisha heroe wa huko na wa kwetu. Pili, ndugu zangu wa Kakamega wana hofu kuhusu usalama wa Baringo. Niwaambie nini?

Kijana wa Loboi

Mama, karibu kwetu. Nitaanza na swali la pili. Baringo ni kaunti kubwa. Wizi wa mifugo na mashambulizi yaliyoifanya serikali kupeleka wanajeshi mwaka 2023 yalihusu hasa sehemu fulani za kaskazini na mashariki, na barabara ya Nakuru hadi Marigat ina magari ya abiria mchana kutwa. Hata hivyo, hali hubadilika, kwa hiyo ulizia kwa wenyeji siku mbili kabla ya safari, na msisafiri usiku. Mkifuata hayo mawili, mtakuwa mmefanya kile tunachofanya sisi wenyewe.

Kuhusu Bogoria, ndiyo, piteni. Kutoka kwenye barabara kuu karibu na Marigat hadi lango la Loboi ni kama kilomita 20. Wengi huja wakidhani hii ni mbuga ya KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, kama Ziwa Nakuru, lakini ni hifadhi inayosimamiwa na Serikali ya Kaunti ya Baringo, na kiingilio hulipwa kwa kaunti. Kwa hiyo msidhani kwamba malipo au tiketi ya Nakuru itawafaa huku. Matatu zinawafikisha Marigat bila shida, kisha mtu huchukua bodaboda hadi Loboi, ila kwa mama wa magoti ningesema mkodi gari lenu, na lenye magurudumu ya juu, kwa sababu mvua za Aprili zinaweza kujaza mkondo wa maji ndani ya nusu saa.

Anayekuja akiwa na picha za zamani kichwani atashangaa. Maji yamepanda sana katika miaka ya karibuni, hasa mwaka 2020, yakameza sehemu ya barabara ya kando ya ziwa, majengo, na chemchemi nyingi za maji moto ambazo wazee wetu walizijua moja moja. Zilizobaki bado hutoa mvuke na maji yanayochemka. Mshike mtoto mkono. Ardhi ya pembeni huonekana imara kumbe ni ganda jembamba, na maji yaliyo chini yake yanatosha kuivisha nyama. Watu huja na mayai ya kuchemsha. Mimi nasema mayai yachemsheni nyumbani.

Kuhusu heroe, mwambie mtoto aandike swali hili katika daftari lake: kwa nini heroe waliondoka Nakuru kwa wingi miaka ile ziwa lenu lilipofurika? Heroe mdogo hula mwani mdogo sana wa kijani-buluu unaostawi katika maji ya magadi. Maji ya mvua yakizidi, magadi hupungua ukali, mwani hupungua, na ndege huhamia ziwa lingine. Bogoria ni ndefu, yenye kina, na magadi yake ni makali, kwa hiyo mara nyingi imekuwa kimbilio lao, na kuna miaka ambapo wamefika zaidi ya milioni moja. Kuna siku nyingine utawaona mia tano tu. Na hawazalii hapa wala Nakuru. Huzalia hasa Ziwa Natron, Tanzania. Akiwahesabu kwenu wiki moja na kwetu wiki inayofuata, atakuwa na kitu cha kulinganisha.

Awatazame pia tandala wakubwa wenye pembe za mzunguko, kwenye vichaka vya mteremko wakati wa alfajiri. Si ndege, najua, lakini watu hutoka mbali kwa ajili yao.

Na jambo moja ambalo wageni huambiwa mara chache. Ziwa hili ni la Waendorois, jamii yetu ya hapa. Wazee wetu walianza kuondolewa hapa mwaka 1973 ili hifadhi ipatikane, na mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitangazwa kwamba tulidhulumiwa na kwamba tunastahili kurudishiwa ardhi yetu. Utekelezaji wake bado tunaudai. Kwa hiyo mkifika langoni, ombeni mtembezaji kijana wa hapa hapa. Atawaonyesha bundi, na vilevile atawaonyesha mahali nyanya yake alipolamisha mbuzi chumvi.

Msafiri wa Kisumu

Nimesoma yote haya nikagundua kwamba nilipita katikati ya mambo hayo nikiwa naangalia lami. Dada, kama gari lenu lina nafasi moja Aprili, nitachangia mafuta kuanzia Nakuru.

Mama wa Section 58 (Nakuru)

Nafasi ipo, ila utakaa nyuma na daftari la ndege, na mwenye daftari ana maswali mengi. Tumepanga kuondoka Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa tisa na nusu usiku… samahani, nimeona ushauri wa kutosafiri usiku. Tutaondoka Ijumaa mchana, tulale Kampi ya Samaki, tuwe kwenye majabali saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha Jumapili tushuke Bogoria. Mtembeza wageni, tafadhali nieleze kama kiti cha kukunja tunaweza kukipata huko au tuje nacho.

Mtembeza wageni, Kampi ya Samaki

Njooni nacho, na mwavuli mkubwa. Maji ya kunywa, lita tatu kwa kila mtu kwa siku. Chandarua mtakikuta mnakolala, lakini mbu wa huku si wa Nakuru, kwa hiyo mama na mtoto wavae mikono mirefu kuanzia saa kumi na mbili jioni. Alhamisi ya wiki hiyo nitapita Koriema, nami nitamwuliza mfuga nyuki kuhusu kikwata na kukuandikia hapa hapa.